Siku 18 za mpakiaji wa Namanga mikononi mwa wanafunzi wa sheria

Na Mwandishi Wetu, Nairobi na Namanga

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sheria alimuuliza mteja wake lilionekana rahisi: mshahara wako ni kiasi gani kwa mwezi? Mteja, mpakiaji mizigo wa Namanga mwenye umri wa miaka 41, alimtazama, akatabasamu, akamjibu kwamba tangu aanze kazi hajawahi kulipwa kwa mwezi. Yeye hulipwa kwa gunia. Mwanafunzi akafuta alichokuwa ameanza kuandika, akanyamaza kidogo, kisha akaanza upya: siku ya kawaida unabeba magunia mangapi?

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwishoni mwa Februari, katika kliniki ya msaada wa kisheria ya chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Usidanganywe na jina la kliniki. Ni chumba kimoja chenye meza tatu, kabati la chuma la mafaili na benchi la mbao nje ya mlango, ambako watu hukaa wakiwa na mikono iliyofungwa bendeji au magongo yameegemezwa ukutani. Wengi ni wafanyakazi walioumia kazini: wa mjengo, wa viwandani, matingo wa malori, wapakiaji. Anayewahudumia ni mwanafunzi, na nyuma ya kila mwanafunzi kuna mhadhiri ambaye ni wakili mwenye leseni. Hakuna barua inayotoka bila yeye kuisoma.

Niliruhusiwa kukaa pembeni na kusikiliza kwa sharti kwamba nisitaje majina, kwa kuwa shauri hili halijaisha. Nimelifuatilia kwa sababu linawahusu moja kwa moja wasomaji wa gazeti hili. Aliyeumia ni mtu wa mpakani, na anayedaiwa ni mfanyabiashara wa mpakani.

Sharti la kwanza la kliniki ni kwamba mwanafunzi aanze kila mahojiano kwa kusema wazi kuwa yeye si wakili. Nchini Kenya, kujifanya wakili bila kuwa na sifa ni kosa la jinai. Binti huyu aliitamka sentensi hiyo vizuri kabisa. Mteja akaitikia kwa kichwa, halafu akaendelea kumwita wakili hadi mwisho wa kikao, na kila mara binti alimsahihisha. Mara ya nne au ya tano yule mzee aliamua kumwita mwalimu, na hilo nalo halikuwa kweli.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja wa Nairobi hununua vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, huvileta hadi Namanga kwa magari ya Tanzania, kisha huvihamishia kwenye lori la Kenya linaloelekea sokoni. Wanaofanya kazi hiyo ya kufaulisha ni vijana na wazee wa Namanga, na mteja wetu alikuwa mmoja wa wanne aliokuwa akiwaita kila mzigo unapofika. Machi mwaka jana, mzigo ulifaulishwa katika uwanja wa upande wa Tanzania, mita chache tu kutoka mpakani. Alikuwa juu ya fuso, gunia likamponyoka mwenzake, akarudi nyuma kulikwepa, akaanguka. Kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika.

Mama yule hakumtupa. Alilipia matibabu ya mwanzo, akamtumia pesa ya chakula kwa wiki kadhaa, kisha simu zikaanza kupungua. Mfupa uliunga, lakini mguu haukunyooka. Leo anatembea kwa kuchechemea, na mtu anayechechemea habebeshwi gunia. Amekaa miezi kumi na moja bila kazi ya maana, akilinda baiskeli za watu kwa malipo ya chai.

Mwanafunzi alimuuliza ajali ilitokea lini. Akasema karibu na Idi, mwanzoni mwa Aprili. Binti akapiga hesabu kwenye ukingo wa karatasi: imebaki zaidi ya mwezi mmoja. Akaonekana kupumua. Mhadhiri, ambaye hadi hapo alikuwa amekaa kimya akisoma faili jingine, aliinua uso na kuuliza kama kuna karatasi yoyote ya siku hiyo.

Ilikuwepo. Mzee alitoa mfuko wa nailoni wenye karatasi zilizokunjwa mara nane, na miongoni mwake kulikuwa na PF3, ile fomu ya polisi wa Tanzania ambayo majeruhi huenda nayo hospitali. Binti aliigeuza mara mbili akidhani ni P3 ya Kenya, akashangaa mhuri hauendani. Wafanyabiashara wa Namanga, Sirari na Holili wangemweleza tofauti hiyo hata kabla ya chai ya asubuhi, lakini darasani hakuna aliyewahi kumwonyesha. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa 17 Machi. Basi hazikubaki siku 30 na ushei. Zilibaki 18.

Siku hizo zina uzito kwa sababu ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Wakenya wengi huiita WIBA kwa kifupi chake. Sheria hiyo inamtaka aliyeumia awasilishe dai lake ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na ikiwa amefariki, ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Mwajiri naye anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu aijue. Katika shauri hili, taarifa hiyo haikuwahi kutolewa. Mama wa vitunguu hakujua kwamba inatakiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Nchini Kenya huwezi kukimbilia mahakamani moja kwa moja kumdai mwajiri fidia ya ajali ya kazini. Dai huanzia kwa Mkurugenzi. Chama cha Mawakili kilipinga utaratibu huo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikavitengua baadhi ya vifungu vya sheria hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirejesha vingi vyake, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Tangu hapo mlango wa kwanza ni ofisi ya serikali, ambako kuna fomu, ripoti ya daktari na hesabu.

Kwa maoni yangu, uamuzi huo ndio ulioijaza watu benchi la nje ya kliniki. Dai dogo la mpakiaji, linaloanzia kwenye kaunta ya ofisi badala ya kizimbani, halimletei wakili wa kujitegemea ada ya kumtoa ofisini kwake. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, ni kazi inayomfaa. Haruhusiwi kusimama mbele ya jaji, lakini anaweza kujaza fomu, kutafuta ushahidi, kuandika barua na kupiga hesabu, na katika madai haya hiyo ndiyo kazi kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 yenyewe inavitambua vyuo vikuu vyenye kliniki kuwa miongoni mwa watoaji wa msaada huo.

Kwa siku zilizofuata wanafunzi watatu walipewa faili hilo, na waligawana maswali matatu.

La kwanza: huyu ni mfanyakazi wa nani? WIBA inamlinda mwajiriwa, haimlindi mtu aliyejiajiri na kuchukua kazi kwa mkataba wake mwenyewe. Mama wa vitunguu alipopigiwa simu alisema hivyo hivyo, kwamba wale ni vibarua wa uwanjani, leo wanabeba vya kwake, kesho vya mwingine. Mwanafunzi aliyepewa swali hili alikwenda kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, kinachosema kuwa kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwezi. Lakini kifungu bila ushahidi ni maneno matupu. Ushahidi ulikutwa kwenye simu. Waliomba taarifa ya M-Pesa ya mzee huyo kwa mwaka mzima kabla ya ajali, na jina moja la mlipaji likajirudia ukurasa baada ya ukurasa. Ziko pia jumbe za sauti za kumwita kazini, na mojawapo inamwagiza awasimamie wenzake na asiondoke hadi lori lifungwe turubai. Mtu anayepewa amri ya namna hiyo ni vigumu kusema amejiajiri.

La pili ni lile linalowakera watu wa mpakani: ajali ilitokea Tanzania. Je, sheria ya Kenya inavuka pale kwenye mstari? Kijana aliyepewa swali hili alikuja siku ya tatu akiwa amekata tamaa, ameandika kurasa nne kuhusu Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010 na ambayo inawapa wafanyakazi uhuru wa kuvuka. Mhadhiri alizisoma zote, akamrudishia, akamwambia afungue WIBA yenyewe kifungu cha 11. Pale imeandikwa kwamba ikiwa shughuli za mwajiri ziko hasa Kenya, na mfanyakazi kwa kawaida huajiriwa Kenya, akiumia akiwa nje kwa muda hulipwa kana kwamba ajali imetokea Kenya. Kurasa nne zikawa aya moja. Kijana alikiri kwangu baadaye, kwa aibu kidogo, kwamba katika miaka minne ya chuo hakuwahi kuisoma sheria yoyote tangu kifungu cha kwanza hadi cha mwisho. Alizoea kusoma hukumu na vitabu vinavyoizungumzia.

La tatu ni la kipato, lile lililomkwaza binti siku ya kwanza. Malipo ya M-Pesa ya miezi 12 kabla ya ajali yalifika Sh216,000 za Kenya. Gawa kwa 12, unapata Sh18,000 kwa mwezi. Mzee alidai kulikuwa na pesa taslimu pia, lakini hakuna alama yake popote, na mhadhiri alikataa isiingizwe. Alisema, kwa maneno mengine, kwamba tarakimu moja isiyothibitika huzitia doa zile zinazothibitika.

Kipato kikishajulikana, hesabu ya ulemavu wa kudumu si fumbo. Sheria huchukua kipato cha miezi 96 na kukizidisha kwa kiwango cha ulemavu. Daktari wa hospitali ya umma alikadiria ulemavu wa mzee kuwa asilimia 15. Kipato cha miezi 96 ni Sh1,728,000, na asilimia 15 yake ni Sh259,200. Kumpata daktari huyo, hata hivyo, kulimeza siku tano kati ya zile 18. Mara ya kwanza hakuwepo, mara ya pili mzee alikosa nauli ya kutoka Namanga. Wanafunzi walitaka kumchangia, wakaambiwa kanuni ya kliniki hairuhusu kumpa mteja pesa mfukoni mwao. Nauli ikatoka kwenye fungu la usafiri la kliniki, na fomu ya kuiombea ilikuwa ndefu kuliko dai lenyewe. Nasema hivi kwa kutia chumvi, lakini si nyingi.

Dai lilipokewa na kugongwa mhuri 11 Machi, zikiwa zimebaki siku sita. Sehemu ya mwajiri kwenye fomu ilikuwa tupu, kwa kuwa mama alikataa kuijaza. Wanafunzi waliambatanisha barua ya kueleza hivyo pamoja na nakala za malipo, kwa sababu Mkurugenzi ana mamlaka ya kuichunguza ajali hata pale mwajiri anaponyamaza.

Nilimpigia mama huyo. Alikubali kuzungumza, na nitasema ukweli kwamba nilikata simu nikiwa namhurumia pia. Kwake Sh259,200 si pesa iliyokaa benki ikimsubiri mtu. Ndiyo mtaji wenyewe. Ana lori la kukodi, hana kampuni, hana ofisi, na katika akili yake mwajiri ni mtu mwenye kiwanda na lango. Aliponiuliza angewezaje kujua, sikuwa na jibu la haraka. Lakini WIBA inamtaka kila mwajiri awe na bima ya majeraha kazini, na haibagui mwenye kiwanda na mwenye magunia. Angekuwa nayo, hii leo kampuni ya bima ndiyo ingekuwa inasumbuliwa na simu za wanafunzi.

Siku mbili baada ya kupata barua, mama huyo alifanya jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyelitarajia. Alikuja kliniki mwenyewe. Alikaa kwenye lile benchi, zamu yake ilipofika akaingia na kuomba asaidiwe kujibu barua. Kwa dakika kadhaa chumba kilikuwa na taharuki. Binti wa faili alitaka kumsikiliza, na kwa heshima alikuwa ameshamvutia kiti na kumkaribisha mama. Mhadhiri alimwahi mlangoni. Kliniki haiwezi kumshauri mdai na mdaiwa katika shauri moja, na hata neno moja la siri ambalo mama angelisema mle ndani lingewalazimu kuliacha faili la mzee. Wakamwomba radhi, wakampa orodha ya mashirika mengine ya msaada wa kisheria jijini, na wakamsindikiza hadi nje. Mgongano wa maslahi una sura nzima kwenye kitabu cha maadili ya mawakili. Binti aliniambia aliifanyia mtihani na kupata alama ya juu, lakini hakujua kwamba ungekuja na kitenge na mkoba, na kumsalimu kwa upole.

Msomaji wa upande wa pili wa mpaka atauliza: na ingekuwa ni mfanyabiashara wa Tanzania aliyemwajiri? Tanzania Bara njia ni tofauti. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kulipa fidia Julai 2016. Waajiri huchangia kulingana na mishahara wanayolipa, na majeruhi hudai kwenye Mfuko. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mzee wetu asingelazimika kungoja kuona kama mtaji wa vitunguu utatosha. Uganda iko karibu zaidi na Kenya kwa maana kwamba mzigo unabaki kwa mwajiri na bima yake, ila pale mlango ni afisa wa kazi wa wilaya, na kwa ulemavu kamili wa kudumu kipimo ni kipato cha miezi 60. Rwanda mwajiri huchangia asilimia mbili ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini kupitia RSSB. Kwa maneno mengine, mguu uleule uliovunjika una bei tofauti kulingana na nani alikutuma kupanda lori, na hakuna kliniki inayoweza kulibadilisha hilo.

Kliniki zenyewe si mgeni katika kanda hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu 1967. Makerere ilianzisha kliniki yake ya sheria kwa maslahi ya umma mwaka 2012. Huko Kampala kanuni za mwaka 2004 huwaruhusu wanafunzi wa LDC, walio katika mafunzo ya uwakili, kusimama mbele ya mahakimu chini ya usimamizi. Wenzao wa Nairobi wanawaonea wivu kwa hilo na hawafichi. Kinachokosekana, na hapa nazungumza kama mtu anayepita mipakani kila mwezi, ni kliniki ya namna hii iliyo karibu na geti lenyewe. Kituo cha pamoja cha Namanga kilifunguliwa rasmi Desemba 2018. Ndani yake utapata forodha, uhamiaji, afya na viwango vya nchi zote mbili. Mpakiaji aliyevunjika mguu nje ya uzio wake husafiri hadi Nairobi ili aambiwe kuwa ana siku 18.

Hadi tunakwenda mitamboni Mkurugenzi hajatoa uamuzi. Akishakadiria na kuwasilisha dai kwa mwajiri, sheria inampa mwajiri siku 90 kulipa. Asiyeridhika ana siku 60 za kuweka pingamizi, kisha rufaa iko wazi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwajiri asipolipa kabisa, wengi huishia mahakama hiyohiyo wakiomba uamuzi wa Mkurugenzi utekelezwe, na hapo ndipo wakili mwenye leseni atahitajika, si mwanafunzi.

Binti wa faili hatakuwepo. Anamaliza masomo muhula huu, na faili linakwenda kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Niliwakuta wakikabidhiana kwenye meza ya katikati: nakala ya dai lenye mhuri, PF3 ndani ya karatasi ya plastiki, kurasa za M-Pesa zilizopigiwa mistari ya njano, na namba ya simu ya jirani wa mzee kwa kuwa ya kwake haina chaji mara nyingi. Juu kabisa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mteja apigiwe kila Ijumaa, hata kama hakuna jipya.

Mrithi wake alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza mshahara wa mwezi umeandikwa wapi.